Swali Lililotoka Gerezani

Tulimzika mdogo wangu siku ya Jumanne. Siku 12 baadaye, tarehe 27 Novemba 2022, Majilio, kipindi cha kungoja Krismasi, yakaanza, na Injili ya asubuhi ile ilikuwa ya Mathayo sura ya 24: watu wawili watakuwako kondeni, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa.

Nilikuwa nimesimama na kwaya, kwenye safu ya sauti ya pili. Nyuma yangu, kwenye sauti ya nne, kulikuwa na nafasi ya mdogo wangu, ambayo hakuna aliyeisogelea. Wenzake walijipanga wakiizunguka kama watu wanaokwepa maji yaliyomwagika sakafuni. Niliposikia lile neno "aachwa" nikawaza: huyu aliyeachwa, alimaliza kulima? Mahubiri yote niliyowahi kuyasikia juu ya aya ile yalimhusu anayetwaliwa. Kwamba tukeshe, tuwe tayari. Aliyeachwa hakuna anayemuulizia. Amebaki pale kondeni na majembe mawili.

Mdogo wangu alikuwa na sauti nzito, nzuri, na kasoro moja: hakujua kusubiri. Kila wimbo aliingia mapema, nusu pigo kabla ya wenzake. Mwalimu wa kwaya alishamkemea kwa kila namna. "Wewe wa sauti ya nne, subiri! Nitakupa ishara." Anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," halafu anaingia mapema vilevile. Nyimbo za Krismasi alianza kuziimba bafuni mwezi wa tisa. Siku moja nilimwambia kwamba kuna kipindi kinaitwa Majilio na kimewekwa kwa sababu. Akanijibu kupitia mlangoni, "Dada, mimi nimeshafika. Nyie njooni taratibu."

Maneno hayo niliyacheka wakati ule.

Majilio ya mwaka ule yalikuwa marefu kadiri Majilio yanavyoweza kuwa marefu. Krismasi iliangukia Jumapili, hivyo majuma yakawa manne kamili, siku 28. (Mwaka uliofuata Krismasi ilikuwa Jumatatu, na siku zikawa 22 tu. Mambo haya sikuwa nayajua kabla. Mwenye msiba huhesabu siku, na katika kuhesabu hujifunza kalenda.) Siku 28 za watu kukusalimia kwa sauti ya chini kisha kukimbilia kwenye mapambo. Mama mmoja wa kanisani, ambaye najua ananipenda, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Usilie, mwanangu, mwezi huu ni wa furaha. Biblia imesema tusihuzunike." Nikamwambia ahsante mama. Nilipofika nyumbani nikaifungua. Paulo anawaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Ile "kama" ndogo ndiyo inayobeba sentensi nzima, na ndiyo ambayo watu huiangusha njiani wanapokuja kukupa pole. Paulo hakumkataza mtu kuhuzunika. Kwa Wafilipi anakiri waziwazi kwamba kama mwenzake Epafrodito angekufa katika ule ugonjwa wake, yeye angepata huzuni juu ya huzuni. Huyo ndiye mtu yuleyule aliyewaandikia, katika waraka uleule, wafurahi siku zote.

Kulikuwa na jambo moja lililonipa nafuu: katika Majilio, sisi Wakatoliki hatuimbi Utukufu. Wimbo ule huwekwa kando Dominika (Jumapili) zote nne, ukajitokeza kwenye sherehe kama ile ya tarehe 8 Desemba, kisha ukarudi rasmi usiku wa Krismasi. Miaka yote nililiona pengo hilo kuwa utaratibu tu wa madhehebu. Mwaka ule nililishika kama mtu anayeshika ukuta gizani. Kanisa zima lilikuwa limekatazwa kuimba wimbo ambao mimi nisingeweza kuuimba. Padre alivaa zambarau, na vinanda vikapigwa kwa kiasi. Zamani kipindi hiki kilikuwa kizito zaidi: katika karne ya 6, kwenye nchi ambayo leo ni Ufaransa, waamini walifunga kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, mpaka Krismasi. Hapakuwa na haraka ya kushangilia.

Hata lile taji la mishumaa la Majilio lilianzia kwa watu wasioweza kusubiri. Mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, mchungaji Mlutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Jumapili, ili wahesabu wenyewe. Ningependa kuamini kwamba mmoja wao alijaribu kuwasha wa kesho.

Na neno lenyewe, Majilio. Tunalitamka kila mwaka bila kuliangalia. Limetoka kwenye kujilia, si kuja tu. Ni kumjia mtu, kumfikia mahali alipo. Kilatini chake, adventus, kinasema ujio na kuishia hapo. Kiswahili kinataka kujua anajiliwa nani. Tatizo ni kwamba msiba nao hujilia. Wetu ulitujilia saa nane usiku kwa mlio wa simu, na tangu siku hiyo kila kitu kilichosemekana kinakuja nilikitazama kwa wasiwasi.

Nimefika sasa kwenye Dominika ya tatu, tarehe 11 Desemba.

Hiyo ndiyo Dominika ya Gaudete, neno la Kilatini lenye maana ya furahini. Mshumaa wa siku hiyo ni wa rangi ya waridi, na padre akiwa na kasula, lile vazi la juu la Misa, ya rangi hiyo huivaa. Sikutaka kwenda. Nilijua mahubiri yatakavyokuwa, nilijua na nyuso. Nilikwenda kwa sababu mama alikuwa ameshavaa, amekaa kitini na mkoba magotini, ananisubiri, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Antifona ya mwanzo, ule wimbo mfupi wa kufungulia Misa, ikaimbwa: furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, furahini. Nikafumba midomo. Somo la kwanza, Isaya 35: jangwa litashangilia na kuchanua maua kama waridi, huzuni na kuugua zitakimbia. Nikawaza, zikimbilie wapi? Wimbo wa katikati, Zaburi ya 146: Bwana hufungua waliofungwa. Sisi kwaya ndio tuliouimba, nami niliimba kama anayesoma orodha ya majina ya watu asiowajua.

Halafu ikaja Injili, Mathayo 11, na mtu wa kwanza kutajwa yuko gerezani.

Sijui kwa nini sikuwahi kuliona. Niliisikia Injili hiyo kila baada ya miaka mitatu, kwa mzunguko wa masomo ulivyo, na kila mara niliichukua kama habari ya Yesu kuorodhesha miujiza. Siku ile nilimwona Yohana Mbatizaji. Mwanahistoria Yosefo anasema Herode alimfunga katika ngome ya Makaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Kutoka humo Yohana anatuma watu wakamuulize Yesu: wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?

Fikiria ni nani anayeuliza. Huyu ndiye aliyeruka kwa shangwe tumboni mwa Elisabeti kabla hajazaliwa, pale Mariamu alipobisha hodi. Mtu wa kwanza kabisa katika Injili ya Luka kumfurahia Yesu alikuwa bado mimba. Aliingia mapema, kama mtu ninayemjua. Baadaye, katika Injili ya nne, wanafunzi wake walipomlalamikia kwamba watu wote wanamwendea Yesu, alijilinganisha na rafiki wa bwana arusi anayesimama pembeni na kuisikia sauti yake, akasema furaha yake imetimia. Imetimia! Mwinjili anadokeza kwamba wakati huo alikuwa bado hajatiwa gerezani. Na sasa yumo ndani, na yule aliyekuwa na hakika tangu tumboni hana hakika tena.

Wahubiri wengi humtetea. Husema Yohana hakuwa na shaka, aliuliza kwa faida ya wanafunzi wake. Huenda. Mimi sihitaji atetewe. Namhitaji hivyohivyo alivyo.

Jibu la Yesu ndilo lililonikaa moyoni, na halikunikaa vizuri. Nendeni mkamweleze Yohana mnayoyasikia na kuyaona: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Ni mambo sita, na mengi yake ni mwangwi wa Isaya. Lakini Isaya huyohuyo, katika sura ya 61, alitaja na waliofungwa kufunguliwa, na Luka anatuambia Yesu mwenyewe aliisoma sehemu hiyo katika sinagogi la Nazareti. Kwenye ujumbe uliopelekwa kwa mfungwa, wafungwa hawamo. Yohana aliyajua maandiko hayo. Nadhani alisikiliza orodha mpaka mwisho akingoja kitu chake, hakikutajwa, kikafuata kile cha mwisho: naye heri asiyechukizwa nami.

Hakutoka. Mathayo anaeleza sura tatu mbele jinsi alivyokatwa kichwa.

Kwangu kulikuwa na mwiba mwingine humo humo. Wafu wanafufuliwa. Yupo binti wa Yairo, yupo kijana wa mjane wa Naini, wapo waliorudishiwa watu wao. Sisi tulikesha tukiomba, tukazika Jumanne. Orodha ya Yesu ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na jina la nyumbani kwetu.

Na hata hivyo, nikiwa nimesimama pale na kitabu cha nyimbo, nilihisi kitu kikilegea kifuani. Nimejaribu mara nyingi kueleza ni nini na huwa naharibu. Kwanza, nilitambua kwamba kati ya watu wote ambao Kanisa lingeweza kutuletea kwenye Dominika ya kufurahi, wachungaji, malaika, Elisabeti, limemleta huyu. Limevaa waridi, limeimba kwamba Bwana hufungua waliofungwa, kisha likamsimamisha katikati yetu mtu ambaye hakufunguliwa. Halikumficha. Tangu siku ya mazishi kila niliyekutana naye alinitaka niwe tayari nimefika upande wa pili wa huzuni. Injili ilikuwa ya kwanza kuja kukaa nami upande huu.

Pili, lile swali. Yohana hakumuuliza Herode, wala walinzi. Hakukaa kimya akageukia ukuta. Alimpelekea Yesu mwenyewe shaka yake juu ya Yesu. Mtu hatumi wajumbe kwa asiyekuwepo. Na Yesu hakumkaripia. Wajumbe walipokuwa wakienda zao aliwageukia makutano akasema katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Kwa jinsi Mathayo anavyosimulia, wajumbe walikuwa wameshaanza kuondoka. Inawezekana sifa zile Yohana hakuzisikia kamwe. Zilisemwa, lakini.

Njiani kurudi nyumbani, mama akiwa ameshika mkono wangu, nilisali kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Niliazima maneno: wewe ndiwe, au tumtazamie mwingine? Sikuwa na zaidi ya hapo. Nikaona ajabu kwamba nilikuwa naongea na mtu.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya, raha na furaha. Raha ni ya mwili na mazingira: umelala vizuri, umekula, hakuna anayekudai, simu ya usiku haijalia. Mwaka ule sikuwa na raha hata siku moja, wala sikuitafuta. Furaha nadhani ndicho kile kilicholegea kifuani asubuhi ile, na kilikuja bila kuondoa kitu chochote. Huzuni haikusogea ili kuipisha. Zilikaa pamoja kama ndugu wawili kwenye kitanda kimoja, zikisukumana. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye na wenzake ni kama wenye huzuni, bali siku zote wenye furaha, na zamani nilidhani ni madoido ya mwandishi anayependa kupanga maneno kwa jozi. Sasa nadhani alikuwa anaripoti tu.

Baada ya Dominika ile nilianza kuona magereza kila mahali. Paulo aliyeandika "furahini" alikuwa na minyororo. Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyekamatwa na utawala wa Hitler Aprili 1943 na kuwekwa gereza la Tegel huko Berlin, aliandika katika barua ya Novemba mwaka huo kwamba maisha ya seli yanafanana sana na Majilio: mtu anangoja, anatumaini, anafanya hili na lile lisilo na uzito, na mlango umefungwa, hauwezi kufunguliwa ila kutoka nje. Padre Mjesuti Alfred Delp aliandika tafakari zake za Majilio katika gereza hilohilo Desemba 1944, mikono ikiwa na pingu. Wote wawili hawakutoka kifungoni. Delp aliuawa Februari 1945, Bonhoeffer Aprili.

Barua nyingine ya Bonhoeffer, ya mkesha wa Krismasi 1943, ndiyo iliyonisaidia kuliko vitabu vyote vya kufariji nilivyoletewa, na vililetwa vingi. Anasema hakuna kinachoweza kuziba nafasi ya mtu tuliyempenda, na wala tusijaribu. Anasema ni upuuzi kudai kwamba Mungu anaijaza. Mungu anaiacha tupu, na kwa njia hiyo anatusaidia kuendelea kushikamana na yule aliyeondoka, japo kwa maumivu. Kisha anaongeza kwamba shukrani huyageuza maumivu ya kumbukumbu kuwa furaha tulivu. Sehemu hii ya mwisho ilinichukua muda. Ile ya kwanza niliielewa papo hapo, kwa sababu ilinieleza wenzake wa sauti ya nne walikuwa wanafanya nini. Nilikuwa nimewakasirikia kimoyomoyo kwa kuliacha lile pengo wazi. Nilitaka wajisogeze, nisilione. Kumbe wao walikuwa wameshajua.

Tarehe 20 Desemba nilikwenda kwenye Masifu ya Jioni, ile sala ya Kanisa ya jioni. Tulikuwa wachache, hatuzidi kumi. Kuanzia tarehe 17 mpaka 23 Kanisa huimba antifona saba za kale kabla ya Wimbo wa Mariamu, kila moja ikianza kwa "Ee" na kuishia kwa ombi la "njoo". Ya tarehe 20 ni Ee Ufunguo wa Daudi. Inamwomba aje amtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, aliyeketi gizani na katika uvuli wa mauti. Nikakumbuka ile orodha ya sita. Kumbe hatukukosea kuona kwamba kuna kitu kimebaki. Kanisa limekiona tangu zamani na bado linakidai, kila mwaka, tarehe ileile, kwa kuimba. Nilirudia "njoo" kwa sauti iliyowafanya wawili wageuke.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa mpaka nje. Zambarau ilikuwa imeondolewa, kila kitu cheupe. Nilikuwa nimemwambia mwalimu wa kwaya kwamba nitakuja, ila Utukufu ukianza anisamehe, huenda nikatoka kidogo. Alinijibu, "Toka ukitaka. Ukirudi tutakuwa bado tunaimba, ule wimbo mrefu."

Kengele zikalia. Kinanda kikafunguka, sauti ya kwanza ikaanza, sisi wa pili tukafuata, wa tatu wakaja juu yetu. Sikutoka. Nilikuwa naimba, sijui tangu lini. Mwalimu akageukia sauti ya nne akanyoosha mkono, wazi kabisa, ishara kubwa ambayo hata mtoto angeiona.

Kimya.

Wanaume wanane wamesimama vifua vimejaa hewa, na hakuna aliyeingia. Pigo likapita. La pili likapita. Ndipo ikanijia, na nadhani ilitujia wote kwa pamoja, kwamba miaka yote ile hawakuwahi kuutazama mkono wa mwalimu. Walikuwa wanamsikiliza mdogo wangu. Yeye akiingia mapema, wao nusu pigo baadaye wanaingia sawasawa. Yule aliyekemewa kila juma ndiye aliyekuwa saa yao, na bila yeye hawakujua waanze wapi.

Nilicheka. Kilinitoka kicheko kikubwa katikati ya Utukufu, mbele ya watu wote, machozi yakiwa yananitiririka mpaka shingoni. Nilipomtazama mwalimu naye alikuwa ameuma mdomo, mabega yanamtikisika, mkono bado uko hewani unawasubiri. Mzee mmoja wa sauti ya nne akatazama lile pengo kando yake, akatikisa kichwa, akavuta pumzi upya.

Wakaingia, wamechelewa sana, wote nane kwa mpigo mmoja, kwa nguvu iliyotutetemesha vitabu mikononi.